Kumjengea tarantula shimo lake

Mtu akiniuliza aanzie wapi kufuga tarantula, namwambia aanze na udongo. Chakula kitafuata, boksi litafuata. Buibui hawa wakubwa wa nchi kavu ya katikati ya Tanzania wanaishi ardhini, na shimo ndiyo nyumba yao, ndiyo ngao yao, ndiyo akiba yao ya unyevu katika mkoa wetu wa Dodoma, ambako mvua huanza Desemba na kukatika Aprili, kisha miezi yote iliyobaki ni jua na upepo. Nimeona picha za watu waliowaweka juu ya kokoto za rangi, pamoja na maua ya plastiki, ndani ya kioo kinachong'aa. Buibui anasimama kwenye kona amejikunyata, na mwenye nyumba anadhani ametulia. Hajatulia. Anatafuta pa kuingia.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Tangu serikali ilipoamua kuhamia Dodoma 2016, na zaidi baada ya Dodoma kutangazwa jiji 2018, kazi ya kuchimba misingi haijatulia: Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, hadi Mtumba. Viwanja hivyo vyote vilikuwa pori, na pori lina wenyewe. Vijana wanaochimba hukutana na nge, hukutana na mijusi, na mara chache hukutana na buibui anayejaza kiganja. Wangu alitokea kwenye mtaro wa msingi Nzuguni, mwezi wa kumi, ardhi ikiwa kavu kabisa. Saidia fundi alikuwa ameshainua chepe.

"Muache," nikamwambia.

"Bosi, huyu akikugusa jioni hufiki."

Nikamfunika kwa ndoo tupu ya rangi, nikapitisha kipande cha boksi gumu chini yake. Alikuwa amenyanyua miguu ya mbele, chonge zake za sumu zimeachama, akitoa mlio wa kuchakarisha ambao vijana waliapa ni wa nyoka. Mlio huo hutokana na vinyweleo vigumu vinavyosuguana karibu na mdomo wake. Ni onyo tu, na kwa mnyama ambaye ukubwa wake wote ni wa kiganja, onyo hilo ni la kiungwana.

Kilichonifundisha zaidi siku ile ni lile shimo. Sululu ilikuwa imelikata katikati, kwa hiyo nililiona lote kuanzia mdomoni hadi chini. Nikachukua tepu nikapima: zaidi ya sentimita 40. Mdomo ulikuwa na ukosi wa utando uliofumwa na vijiti vya nyasi kavu. Njia ilishuka kwa mshazari, ikakunja kiwiko, ikaishia kwenye chumba kipana kidogo. Kuta zote zilikuwa zimetandikwa utando. Nikashika udongo wa juu, ukamwagika vidoleni ukawa vumbi. Nikashika wa chini, nikaufinya, ukashikamana. Mwezi wa kumi, kabla ya tone la mvua, huyu mama alikuwa analala kwenye unyevu. Kila nilichomjengea baadaye kimetokana na ule mkono mmoja wa udongo uliokataa kumwagika.

Juu ya ngao ya mgongo, pale miguu inapoota, ana alama ya miale inayotawanyika kutoka katikati. Ni alama inayoonekana kwa buibui wa jenasi *Pterinochilus*, yaani ukoo wa karibu, ambayo mwanasayansi Mwingereza R. I. Pocock aliiandika 1897. Ndugu yake maarufu ni *Pterinochilus murinus*, ambaye yule wa rangi ya chungwa kutoka Usambara anafugwa Ulaya na Marekani na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanzania. Hilo huwa linaniuma kidogo. Wao wanamjua kwa majina ya kubembeleza, sisi tunamjua kwa chepe. Nieleze pia kwamba sikumchukua kwa biashara. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na buibui hawa ni miongoni mwa viumbe ambao watu wa nje huwanunua sana. Anayetaka kufuga amwone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya, amuulize. Na asiende porini kufukua mashimo. Wangu alikuwa ameshabomolewa nyumba na kazi yetu wenyewe.

Sasa boksi. Fundi wa aluminiamu na vioo alinikatia vioo vya milimita 5, akaviunganisha kwa silikoni: upana sentimita 30, kina 30, kimo 40. Silikoni iachwe ikauke hadi harufu iishe kabisa, maana kiumbe huyu anapumua hewa ya ndani ya boksi usiku na mchana. Kifuniko ni plastiki nene iliyotobolewa kwa msumari uliopashwa moto, matundu ya milimita 3, na pembeni juu kuna mstari mwingine wa matundu ili hewa ipite. Watu wengi hupenda kuweka wavu wa chuma. Mimi siupendekezi. Ncha za miguu ya tarantula zina kucha ndogo ambazo hunasa kwenye nyavu, na akining'inia hapo anaweza kukatika mguu au kuanguka.

Kuanguka ndiko kunakowaua wengi. Tumbo lake ni mfuko wa ngozi laini uliojaa damu, na damu hiyohiyo ndiyo inayosukuma miguu inyooke. Tumbo likipasuka, amekwisha. Kwa hiyo nafasi kutoka juu ya udongo hadi kwenye kifuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wake akinyoosha miguu. Wangu ana sentimita 12 hivi. Nimejaza udongo sentimita 25, zikabaki 15 juu. Wageni huniambia boksi langu limejaa udongo halina nafasi. Nafasi yake iko chini, mahali wasipoiona.

Udongo niliuchukua palepale Nzuguni, kwenye kifusi cha mtaro, ule mwekundu wenye mchanga na ufinyanzi kiasi. Nikauchekecha kutoa mawe, nikaukaanga kwenye karai juu ya mkaa hadi ukatoa mvuke na kukauka, ili mayai ya sisimizi na wadudu wengine yafe. Ulipopoa nikachanganya sehemu tatu za udongo na moja ya usumba wa makumbi ya nazi. Makumbi unayapata bure kwa wauza madafu. Unayakausha, unayaponda, unayachambua nyuzi. Usumba unashika maji, ufinyanzi unashika umbo, mchanga unapitisha hewa. Ukikosa usumba, udongo unapasuka ukikauka. Ukizidisha usumba, handaki linabomoka. Nikanyunyiza maji hadi konzi ya udongo ikashikamana bila kutoa tone, nikaanza kushindilia tabaka kwa tabaka kwa kitako cha chupa ya soda, vilevile tunavyoshindilia kifusi chini ya jamvi. Tabaka sentimita tano, shindilia, tabaka jingine. Usimimine wote mara moja ukaugonga juu, utapata ganda gumu na chini hewa tupu.

Kabla haujakauka nikasukuma mpini wa ufagio kwa mshazari, ukiambaa na kioo cha pembeni, hadi karibu nusu ya kina. Hilo ni shimo la kuanzia tu. Juu ya mdomo wake nikaegesha kigae cha chungu kilichovunjika. Kwenye kona nyingine nikazika bomba jembamba la plastiki lililosimama wima, mdomo wake ukitokeza juu kidogo na mguu wake ukigusa tabaka la chini kabisa. Kwa bomba hilo namimina maji kidogo kila ninapoona kioo cha chini kimepoteza unyevu, na maji yanakwenda chini moja kwa moja bila kulowesha juu. Juu kukavu, chini kubichi: ndivyo alivyokuwa anaishi, ndivyo anavyoishi. Ukilowesha boksi zima atapanda kwenye kuta akikwepa maji, na ukungu utaota. Kwa nje ya kile kioo cha pembeni nikabandika karatasi nyeusi inayofunuka. Akiona giza anachukulia kioo kuwa ukuta, anachimba kukifuata, na mimi nikifunua karatasi usiku nikamulika kwa tochi niliyoifunika plastiki nyekundu, naona maisha yake yote ya ndani. Mwanga mwekundu haumshtui kama mweupe.

Siku chache baada ya kuwekwa, alianza kazi. Anabeba udongo kwa mdomo, ameufunga kwa utando, anaupandisha juu, anautua mbali na mlango, anarudi. Nimesimamia wachimbaji wengi, na sijawahi kuona kifusi kikipangwa kwa usafi ule. Alifuata handaki langu hadi lilipoishia, akalikunja kiwiko yeye mwenyewe, akachimba chumba chini, usawa wa unyevu. Nilikaa sakafuni nikitazama hadi usiku wa manane, nikafurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Ila kabla ya hayo yote nilikuwa na mtu wa kumwomba. Napanga chumba Nkuhungu, na mama mwenye nyumba tunaishi naye ua mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Na hilo boksi?"

"Mama, humu nina buibui. Mkubwa. Nimekuja kukuomba kabla sijaingia naye."

Alinyamaza kidogo. "Anauma?"

"Akishikwa au akitishwa, anauma. Maumivu ni makali na panavimba, misuli inaweza kukaza siku kadhaa. Haijulikani kuwa ameshaua mtu. Lakini mimi simshiki, na hakuna atakayemshika."

"Anatoka?"

"Anatoka shimoni. Kwenye boksi hatoki, kifuniko nimekitia kufuli."

"Basi wajukuu wakija likizo, chumba chako kifungwe na ufunguo nikae nao mimi."

Tukakubaliana hivyo na bado tunafuata. Namshauri yeyote anayekaa nyumba ya kupanga afanye hivyo, aseme ukweli wote kuhusu sumu, asipunguze chumvi. Mwenye nyumba aliyeambiwa ukweli anakuwa mlinzi wako. Aliyefichwa, siku akigundua, atamwaga maji ya moto, na hutakuwa na la kumjibu.

Sumu yake naiheshimu. Tarantula wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha wanazozipangusa kwa miguu ya nyuma zikaruka hewani. Wa Afrika hawana hizo, wana mbio na chonge tu, na mbio zao ni za ajabu kwa kiumbe anayekaa kimya siku nzima. Kwa hiyo nikifungua boksi, ninaliweka ndani ya beseni kubwa la kufulia, mlango umefungwa, kopo la plastiki angavu liko mkononi. Mabaki ya chakula nayatoa kwa kibanio kirefu. Wanaompandisha mkononi kwa ajili ya picha wanahatarisha mkono wao, na zaidi wanahatarisha tumbo lake. Yeye hapati lolote katika kushikwa. Hana upendo wa mbwa, na sioni kwa nini tumdai.

Chakula ni jambo jepesi. Nyenje mmoja au wawili kwa wiki, ukubwa usiozidi tumbo lake, wanamtosha. Wakati wa mvua nyenje wanajileta wenyewe kwenye taa za nje, lakini siwatumii hao, wala panzi wa mashambani. Dodoma ni nchi ya zabibu, na mizabibu hupigwa dawa. Mdudu aliyelamba dawa anaweza kutembea siku nzima akiwa mzima, kisha akamuua aliyemla. Nafuga nyenje wangu kwenye ndoo yenye trei za mayai, pumba na vipande vya karoti, na kikopo cha udongo mbichi cha kutagia. Maji nayaweka kwenye kifuniko cha chupa, nabadilisha mara kwa mara. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvichumvi, yanaacha ukoko mweupe, nao nausugua.

Joto halinisumbui, chumba cha Dodoma kinamtosha bila taa yoyote. Juni na Julai usiku unakuwa wa baridi kwa sababu tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, basi namsogeza mbali na dirisha na boksi nalizungushia blanketi. Mtetemo ndio ulionisumbua. Macho yake manane yanaona kidogo sana. Dunia anaijua kwa miguu. Mtambo wa kushindilia barabara ulipopita mtaani kwetu, hakutoka shimoni kwa muda mrefu. Nikahamisha boksi kutoka mezani, karibu na redio, nikaliweka kwenye stuli nzito juu ya tofali za saruji. Miguu ya stuli hiyo imesimama kwenye vikopo vya maji vyenye tone la mafuta juu yake, kama wazazi wetu walivyofanya na kabati la chakula, kwa sababu sisimizi wakiingia wakati hawezi kujitetea watammaliza. Dawa ya kupuliza mbu haiingii chumbani kwangu kabisa. Nalala kwenye chandarua.

Wakati ambao hawezi kujitetea ni anapojivua gamba, na hapa ndipo uvumilivu wa mfugaji unapopimwa. Alianza kwa kukataa nyenje. Rangi yake ikafifia. Kisha akauziba mdomo wa shimo kwa utando na udongo, akapotea. Wiki zikapita.

"Baba, amekufa huyo," mama mwenye nyumba akaniambia. "Mfukue uzike."

"Hapana mama. Anabadilisha nguo."

Nilitoa kila nyenje aliyebaki juu, maana nyenje mwenye njaa humtafuna buibui aliyelala. Nikaongeza maji kidogo kwenye bomba, kwa kuwa ngozi kavu hunasa miguu. Zaidi ya hapo sikugusa kitu. Usiku mmoja nikafunua karatasi nikamkuta amelala chali ndani ya chumba chake, miguu juu. Ukimkuta hivyo usimgeuze, usipulize, usigonge kioo. Ngao ya mgongo ilikuwa imeshabanduka, na miguu ilikuwa inavutwa polepole kutoka kwenye miguu ya zamani, yote minane kwa pamoja, mvuto mmoja na pumziko, mvuto na pumziko. Ilichukua saa kadhaa. Alipomaliza chonge zake zilikuwa nyeupe kama maziwa, laini, hazina uwezo wa kutoboa hata karatasi. Ndiyo maana halishwi hadi zigeuke nyekundu na kisha nyeusi kabisa, kama wiki mbili hivi.

Baadaye aliliburuta gamba kuukuu hadi juu akalitupa nje ya mlango. Nikampelekea mpwa wangu anayesoma biolojia Chuo Kikuu cha Dodoma. Akaliloweka kwenye maji yenye tone la sabuni, akalikunjua sehemu ya tumbo, akatazama kwa lenzi kati ya mapafu mawili ya mbele.

"Mjomba, vifuko vya kuhifadhia mbegu za dume hivi hapa. Ni jike."

Habari hiyo ilibadilisha mipango yangu, kwa kuwa majike wa jamii hii wanaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, na dume akishakomaa hana muda mrefu. Nililolichukua kwenye mtaro ule ni jukumu la miaka mingi. Nimeshamwandikia mpwa wangu maelekezo yote endapo nitapelekwa mkoa mwingine.

Mvua za kwanza zilipofuata, dume mmoja alikuja uani. Madume hukomaa, huacha mashimo yao na kutembea usiku wakitafuta majike, ndiyo sababu watu huwaona msimu wa mvua na kudhani wamevamiwa. Mama mwenye nyumba alimkuta karibu na bomba la maji. Akamfunika na bakuli, akaweka jiwe juu, akaniita: "Baba, mgeni wako amefika." Alikuwa mwembamba, mwenye ndoano ndogo chini ya miguu ya mbele, ambazo hutumia kushika chonge za jike wanapokutana ili asiliwe. Sikuwakutanisha. Kifuko kimoja cha mayai kinaweza kutoa vichanga zaidi ya mia moja, na sina uwezo wa kuwatunza wala sina haki ya kuwagawa. Nilimpeleka porini.

Kazini utaratibu umebadilika. Kabla ya kupiga kamba za msingi tunapita kiwanja chote na vijana, tukitafuta matundu yenye ukosi wa utando. Tukiliona moja, upande ule unachimbwa kwa mkono, taratibu, na anayetoka anafunikwa kwa ndoo na kuwekwa kivulini hadi jua lishuke, kwa sababu jua la mchana kwenye ardhi tupu linamkausha. Jioni tunampeleka nje ya eneo la viwanja, mahali penye nyasi na mteremko usiotuamisha maji. Tunamtobolea tundu la mshazari kwa mtaimbo, refu kadiri mtaimbo unavyokwenda, tunamimina maji kidogo chini, na ndoo inaelekezwa mdomoni mwa tundu hadi aingie mwenyewe. Yule saidia fundi wa Nzuguni ndiye mwenye kazi ya mtaimbo sasa, na hataki mwingine aushike.